Laini ipo, jina halipatikani: kutafuta hitilafu ya DNS kwenye Linux yenye kache ya ndani

Kila anayetunza mtandao wa ofisi, shule au zahanati ameshapokea lalamiko hili: "Intaneti imekata." Unakwenda kwenye kompyuta husika, unapingi 1.1.1.1 (seva ya DNS ya umma iliyo nje), na majibu yanarudi bila shida. Laini ipo. Kilichokufa ni uwezo wa kompyuta kuligeuza jina kuwa namba ya IP, kazi inayofanywa na DNS, na kwa mtumiaji hilo halina tofauti na kukatika kwa intaneti yote.

Mwongozo huu ni wa mitandao yenye kache yake ya DNS, yaani mashine moja ya Linux inayopokea maswali ya majina kutoka kwa kompyuta zote, kuyapeleka nje na kuhifadhi majibu. Mfano wetu utakuwa huu: seva ya kache iko 192.168.10.2 na inaendesha programu ya kache iitwayo dnsmasq, kompyuta za watumiaji zina Ubuntu, kikoa cha ndani ni `ofisi.internal`, na seva ya mafaili inaitwa `mafaili.ofisi.internal`, IP yake 192.168.10.5. Ukiwa na Fedora au ukitumia unbound, programu nyingine ya kache, njia ni ileile, na pale panapotofautiana nitasema.

Kanuni ninayoisimamia ni moja: usibadilishe faili lolote kabla hujajua ni nani aliyetoa jibu baya. Wengi huanza kwa kuandika 8.8.8.8 (seva ya DNS ya umma ya Google) kwenye `/etc/resolv.conf`, mambo yanakaa sawa kwa saa mbili, kisha majina ya ndani yanapotea na tatizo la pili linakuwa limeongezeka. Swali la jina hupita mikononi mwa wengi, na kila mmoja ana nafasi ya kulijibu, kulipoteza au kutoa jibu la zamani.

Safari yenyewe ni hii. Programu huiomba maktaba ya mfumo, glibc, itafute jina. Glibc husoma `/etc/nsswitch.conf` kujua aanze kuulizwa nani. Kwa kawaida hutangulia `/etc/hosts`, kisha DNS. Kwa DNS husoma `/etc/resolv.conf`, ambamo kwenye Ubuntu utakuta 127.0.0.53, yaani huduma ya systemd-resolved iliyo kwenye kompyuta hiyohiyo na yenye kache yake ndogo. Hiyo hupeleka swali kwa dnsmasq yetu, dnsmasq hupeleka kwa seva ya nje, na seva ya nje huwatafuta wamiliki wa kikoa. Kivinjari nacho kina kache yake. Jibu moja linaweza kuwa limehifadhiwa sehemu nne kwa wakati mmoja.

Hatua ya 1: Soma kosa lilivyoandikwa

Kwanza thibitisha kuwa laini ipo kweli:

```
ping -c 3 1.1.1.1
curl -sI https://1.1.1.1
```

Amri ya pili ni kwa mitandao inayozuia ping. Zote mbili zikifeli, acha DNS, shughulikia laini.

Kisha soma ujumbe wa kosa neno kwa neno, kwa sababu unasema mengi. `Temporary failure in name resolution` maana yake kompyuta haikupata jibu la maana: seva haikujibu kabisa, au ilijibu kwamba imeshindwa. `Name or service not known` maana yake jibu lilipatikana, nalo linasema jina hilo halipo. La kwanza linakupeleka kutafuta njia iliyokatika, la pili linakupeleka kutafuta nani anasema "halipo" na kwa nini. Ukiyachanganya haya mawili utapoteza asubuhi nzima.

Hatua ya 2: Linganisha getent na dig

```
getent ahosts mafaili.ofisi.internal
dig mafaili.ofisi.internal
```

`getent` hupita njia ileile wanayopita ssh, curl na programu nyingine nyingi. `dig` hairuki tu `/etc/hosts`, inairuka pia nsswitch, na kwenda moja kwa moja kwenye seva iliyotajwa ndani ya resolv.conf. Ndiyo maana mtu anaweza kuapa kwamba "DNS inafanya kazi, dig inajibu" huku programu zake zote zimekwama. Kauli zote mbili ni za kweli.

Majibu yakitofautiana, tatizo liko ndani ya kompyuta hiyo. Angalia:

```
grep ^hosts /etc/nsswitch.conf
cat /etc/hosts
```

Mhalifu wa kwanza ni mstari wa zamani kwenye `/etc/hosts`, ulioandikwa na mtu siku ya majaribio na kusahaulika. Ukibadilisha jina la mashine, hapohapo ndipo linapozaliwa kosa la `sudo: unable to resolve host`. Debian na Ubuntu huweka jina la mashine kwenye mstari wa 127.0.1.1, na mstari huo ukibaki na jina la kale sudo italalamika.

Mhalifu wa pili ni kikoa cha `.local`. Ubuntu nyingi za mezani zina mstari huu:

```
hosts: files mdns4_minimal [NOTFOUND=return] dns
```

Kipande cha `mdns4_minimal` hushughulikia majina yanayoishia na `.local` kwa kuuliza kwa sauti kwenye mtandao wa ndani, na kikikosa jibu, `[NOTFOUND=return]` husimamisha safari papo hapo. Swali halimfikii dnsmasq hata siku moja. Kikoa cha `.local` kilitengwa kwa kazi hiyo na RFC 6762 (waraka wa kanuni za intaneti) ya mwaka 2013, kwa hiyo dawa si kufuta kipande hicho kwenye kompyuta moja moja. Hamisha majina yako kwenda `.internal`, ambayo ICANN, shirika linalosimamia majina ya intaneti, iliitenga mwaka 2024 kwa mitandao ya ndani, au `home.arpa`. Ni kazi ya siku moja na utapumzika nayo kwa miaka.

Kwenye Fedora mstari huo una neno `resolve`. Hapo glibc huongea na systemd-resolved moja kwa moja bila kupitia resolv.conf, kwa hiyo getent na dig zinaweza kuwa zinauliza seva mbili tofauti kabisa.

Hatua ya 3: Jua kompyuta inamuuliza nani

```
ls -l /etc/resolv.conf
resolvectl status
```

Kwenye Ubuntu ya kawaida resolv.conf ni kiungo kinachoelekea `/run/systemd/resolve/stub-resolv.conf`, na ndani yake kuna 127.0.0.53 tu. Usiishie hapo. Seva halisi zinaonekana kwenye `resolvectl status`, chini ya kila kadi ya mtandao. Tafuta mistari ya `Current DNS Server`, `DNS Servers` na `DNS Domain`.

Hapa ndipo penye kosa linaloitesa mitandao mingi kuliko yote, na ninaomba usome kwa utulivu. Mtu anaweka 192.168.10.2 kama seva ya kwanza na 8.8.8.8 kama ya pili "kwa tahadhari". Anaamini kwamba jina likikosekana kwa ya kwanza, ya pili itaulizwa. Sivyo. Seva ya pili huulizwa pale ya kwanza inaponyamaza au kushindwa kujibu. Ikijibu "jina halipo", hilo ni jibu kamili na safari imekwisha. Tena systemd-resolved ikishahamia seva ya pili kwa sababu ya kwanza ilichelewa, hubaki hukohuko mpaka nayo ilete shida. Matokeo yake, dnsmasq ikiyumba sekunde chache tu, kompyuta kumi zinahamia 8.8.8.8, na kule hakuna anayeijua `mafaili.ofisi.internal`. Siku hiyo utaambiwa "printa na seva vimepotea, lakini YouTube inafungua". Dalili hiyo ukiisikia, moja kwa moja angalia `Current DNS Server`.

Seva zote unazozitaja kwenye orodha lazima zijue majina yaleyale. Kama unataka tahadhari, weka dnsmasq ya pili kwenye mashine nyingine yenye mafaili yaleyale ya majina. Kama huna mashine ya pili, taja seva moja tu.

Marekebisho yafanyike kwenye DHCP, huduma inayogawa IP kwa kompyuta, si kwenye kila kompyuta. Kama dnsmasq ndiyo inayogawa IP:

```
dhcp-option=option:dns-server,192.168.10.2
```

Kama ruta ndiyo inayogawa, ingia kwenye ruta ubadilishe hapo. Na usisahau IPv6: ruta nyingi hujitangaza zenyewe kuwa seva ya DNS kupitia IPv6 hata kama umepanga IPv4 vizuri. Ukiona anwani inayoanza na `fe80::` kwenye `resolvectl status`, maswali yako yanavujia huko. Zima tangazo hilo kwenye ruta.

Kwa kompyuta moja inayohitaji mpangilio wa pekee, mwambie NetworkManager, programu inayosimamia miunganisho ya mtandao:

```
nmcli connection modify "Wired connection 1" \
  ipv4.dns 192.168.10.2 ipv4.ignore-auto-dns yes
nmcli connection up "Wired connection 1"
```

Kuna ushauri umeenea wa kufunga resolv.conf kwa `chattr +i` ili isiguswe. Mimi siupendi. Unaficha mgogoro kati ya programu mbili badala ya kuumaliza, na atakayekuja baada yako hatajua kwa nini mabadiliko yake hayaingii.

VPN nayo ichunguzwe hapa. Ikiwa kadi ya VPN ina `DNS Domain: ~.`, maana yake VPN imedai majina yote ya dunia, yakiwemo ya ofisini kwako. Unaweza kurudisha ya ndani kwenye kadi ya kawaida, ukiweka jina la kadi yako badala ya hili la mfano:

```
sudo resolvectl domain enp3s0 ofisi.internal
```

Amri hiyo hudumu mpaka muunganisho unapowashwa upya. Kwa kudumu, iweke kwenye `ipv4.dns-search` ya nmcli. Faida yake ya pili ni kwamba mtumiaji ataweza kuandika `mafaili` peke yake. Bila kikoa cha kuongezea, systemd-resolved kwa kawaida haipeleki kwa seva ya DNS jina lisilo na nukta.

Hatua ya 4: Uliza kila seva peke yake

Sasa tunapita mlango mmoja mmoja, kuanzia wa karibu:

```
dig @127.0.0.53 example.com
dig @192.168.10.2 example.com
dig @1.1.1.1 example.com
```

Mlango wa kwanza unaotoa jibu baya huku unaofuata ukitoa jibu zuri ndio wenye hitilafu. Soma vitu vinne kwenye matokeo: `status`, namba ya TTL (sekunde ambazo jibu linaruhusiwa kukaa kwenye kache) iliyo kati ya jina na aina, `Query time`, na `SERVER`.

Kwenye `status`, NOERROR ni salama, lakini angalia kama chini yake kuna jibu kweli. NOERROR yenye `ANSWER: 0` maana yake jina lipo, ila halina rekodi ya aina uliyoomba, kwa mfano lina IPv4 na wewe umeomba AAAA, rekodi ya IPv6. NXDOMAIN maana yake jina halipo. SERVFAIL maana yake seva ilijaribu ikashindwa. REFUSED maana yake imekataa kukuhudumia: kwa unbound, karibu kila mara ni kwamba mtandao wako haujaandikwa kwenye `access-control`, na kwa dnsmasq mara nyingi ni kwamba haina seva yoyote ya nje ya kupelekea maswali. Ukipata `no servers could be reached`, hakuna aliyejibu, na hapo nenda hatua ya 5.

Rudia amri ileile mara mbili. Mara ya kwanza `Query time` inaweza kuwa milisekunde 180, ya pili iwe 0 au 1, na TTL iwe imepungua. Hiyo ndiyo kache ikifanya kazi, na kwa huku kwetu Afrika Mashariki faida yake inaonekana kwa macho, maana swali linalokwenda hadi Ulaya na kurudi hutumia zaidi ya milisekunde 100, na ukurasa mmoja wa habari huita majina mengi. Usishtuke ukiona TTL ya 0 kwa majina ya ndani. Majina ambayo dnsmasq inayasoma kwenye `/etc/hosts` au DHCP yake hutolewa na TTL 0 usipoweka `local-ttl`.

Kuna dalili moja ya muda inayojitambulisha yenyewe: kila kitu kinafunguka, lakini baada ya sekunde 5 hivi. Huo ndio muda ambao glibc huisubiri seva ya kwanza kabla ya kwenda ya pili. Ukiona 5 au 10, kuna seva iliyokufa kwenye orodha.

Hatua ya 5: Ichunguze seva ya kache

Ingia kwenye 192.168.10.2:

```
systemctl status dnsmasq
sudo ss -lntup 'sport = :53'
sudo dnsmasq --test
```

Kosa maarufu la siku ya kwanza ni `failed to create listening socket for port 53: Address already in use`. Kwenye Ubuntu, systemd-resolved imeshakaa kwenye poti 53 ya 127.0.0.53, na dnsmasq kwa kawaida hutaka poti hiyo kwenye anwani zote. Ushauri wa kuizima systemd-resolved kabisa ni wa haraka mno, kwa sababu resolv.conf hubaki ikielekea 127.0.0.53 isiyokuwepo tena, na seva yenyewe inakosa DNS hata ya kupakua sasisho. Iambie dnsmasq ikae kwenye anwani zake tu:

```
# /etc/dnsmasq.d/ofisi.conf
listen-address=127.0.0.1,192.168.10.2
bind-dynamic
no-resolv
server=1.1.1.1
server=9.9.9.9
domain-needed
bogus-priv
domain=ofisi.internal
local=/ofisi.internal/
expand-hosts
cache-size=2000
```

Mistari mitatu hapo inastahili maelezo. `bind-dynamic` nimeichagua badala ya `bind-interfaces` kwa sababu ya umeme. Umeme ukirudi, vifaa vyote huwaka kwa pamoja, na dnsmasq inaweza kuanza kabla kadi ya mtandao haijapata IP yake. Kwa `bind-interfaces` itafeli na kulalamika `Cannot assign requested address`. Kwa `bind-dynamic` itasubiri anwani itokee.

`no-resolv` inazuia mzunguko. Bila mstari huo dnsmasq husoma `/etc/resolv.conf` ya seva, inakuta 127.0.0.53, inapeleka swali kwa systemd-resolved, nayo ikiwa imeambiwa seva yake ni 192.168.10.2 inalirudisha kwa dnsmasq. Swali linazunguka mpaka logi inaandika `Maximum number of concurrent DNS queries reached (max: 150)`. Mtu asiyejua ataongeza hiyo 150, na mzunguko utakula zaidi.

`local=/ofisi.internal/` inasema majina ya kikoa hicho yasitoke nje kamwe. Bila yake, jina la ndani lililokosewa herufi litapelekwa hadi kwenye seva za dunia, ambazo zitajibu NXDOMAIN na jibu hilo litahifadhiwa.

Kama dnsmasq ipo hai na inajibu kwa `dig @127.0.0.1` lakini kompyuta za watumiaji hazipati kitu, ni fayawoli au sheria ya `local-service`. Fayawoli ifunguliwe kwa UDP na TCP, kwa sababu majibu makubwa huhamia TCP:

```
sudo ufw allow from 192.168.10.0/24 to any port 53
```

Amri hiyo inafungua zote mbili kwa mtandao wa ndani peke yake. Tafadhali usifungue poti 53 kwa dunia nzima. Seva ya DNS iliyo wazi hutumiwa na wahalifu kurusha mafuriko ya pakiti kwa watu wengine, na bando litakalokatwa ni lako.

`local-service` huwashwa na Debian na Ubuntu pale ambapo hujataja `interface` wala `listen-address`. Ikiwepo, dnsmasq huwapuuza kimya kimya walio kwenye mtandao mwingine, mfano Wi-Fi ya wageni yenye 192.168.20.0/24. Ukitaja `listen-address` kama hapo juu, sheria hiyo huondoka.

Hatua ya 6: Tazama maswali yakipita

Kama bado hujaelewa kinachotokea, acha kubahatisha. Ongeza `log-queries` kwenye faili hilo, washa upya, kisha:

```
sudo journalctl -u dnsmasq -f
```

Kila swali lina hadithi yake: `query[A]` likitaja jina na kompyuta iliyouliza, `forwarded` likitaja seva ya nje, kisha `reply`. Likitoka kwenye kache utaona `cached`. Ukiona `query` bila chochote, soma mipangilio yako upya. Ukiona `forwarded` nyingi bila `reply`, njia ya nje imekatika. Na ukimwona mtumiaji analalamika huku logi haina hata mstari mmoja wa kompyuta yake, swali halifiki kwako: rudi hatua ya 3. Firefox inaweza kuwa inatuma maswali yake kwa HTTPS, ikikupita kabisa. Mozilla imetoa njia ya mtandao kuiomba isifanye hivyo pale inapokuwa imewashwa bila mtumiaji kuichagua mwenyewe:

```
address=/use-application-dns.net/
```

Logi pia ndiyo itakayokuonyesha `possible DNS-rebind attack detected`. Hii hutokea ukiwa umewasha `stop-dns-rebind` na kikoa cha kweli kikarudisha IP ya ndani kama 192.168.10.5. Kama kikoa hicho ni chenu, kiruhusu kwa `rebind-domain-ok`.

Kwa njia ya nje, tcpdump haidanganyi:

```
sudo tcpdump -ni any port 53
```

Kuna kipimo kimoja ambacho ningependa kila fundi akijue. Anwani ya 192.0.2.1 imetengwa kwa mifano ya vitabuni, haina seva yoyote duniani. Iulize:

```
dig @192.0.2.1 example.com
```

Jibu sahihi ni kutojibiwa. Ukipata jibu, kuna kifaa njiani, kwenye ruta yako au kwa mtoa huduma, kinachodaka kila swali la poti 53 na kulijibu chenyewe. Ndiyo maana hukuona tofauti ulipobadilisha kutoka 1.1.1.1 kwenda 9.9.9.9. Tiba ni kuyasimba maswali yako kwa TLS, ili asiweze kuyasoma wala kuyajibu aliye njiani, kwenye poti 853. dnsmasq haina uwezo huo, unbound inao.

Hatua ya 7: Jibu la zamani

Tovuti imehamishwa, nje kila mtu anaona mpya, kwako bado ya kale. Hapa kache inafanya kazi yake sawasawa, ila kwa wakati mbaya. Safisha kuanzia upande wa seva kuja kwa mtumiaji. Ukianza na kivinjari, kitajazwa tena jibu lilelile la kale kutoka nyuma.

```
sudo pkill -HUP dnsmasq          # kwenye seva
sudo resolvectl flush-caches     # kwenye kompyuta
```

Kisha kivinjari: `chrome://net-internals/#dns` au `about:networking#dns`. Kumbuka kwamba HUP husafisha kache na kusoma upya `/etc/hosts`, lakini haisomi upya dnsmasq.conf. Kwa hilo unahitaji `systemctl restart`. Kwa unbound, `unbound-control flush_zone example.com` huondoa kikoa kimoja na kuacha vingine.

"Halipo" nayo huhifadhiwa. Ukijaribu jina jipya kabla ya kuliandikisha, umepanda NXDOMAIN kwenye kache, na utaisubiri hata baada ya kuandikisha. Muda wake hutegemea SOA, rekodi yenye mipangilio ya kikoa kizima:

```
dig example.com SOA +short
```

Namba ya mwisho ni sekunde, na inayotumika ni ndogo kati yake na TTL ya rekodi yenyewe. Kwa hiyo andikisha kwanza, jaribu baadaye. Na unapopanga kuhamisha huduma, shusha TTL iwe 300 siku moja kabla.

Kujua kama kache inatosha, tuma ishara ya USR1 na usome logi:

```
sudo pkill -USR1 dnsmasq
sudo journalctl -u dnsmasq -n 20
```

Utaona mstari kama `cache size 2000, 0/5312 cache insertions re-used unexpired cache entries`. Namba ya kushoto ikipanda, majibu mazima yanatupwa ili kupata nafasi, basi ongeza `cache-size`. Chaguo-msingi ni 150, na kwa ofisi yenye watu ishirini hiyo ni ndogo.

Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom ziliharibika kwa pamoja, na Tanzania, Kenya na majirani wakaishi siku kadhaa na intaneti inayosuasua. Kwa hali kama hiyo dnsmasq kuanzia toleo la 2.87 ina `use-stale-cache`, na unbound ina `serve-expired: yes`. Zote mbili hutoa jibu lililopitwa na muda huku zikitafuta jipya. Haziongezi upana wa laini, lakini huduma zilizo humu nchini zinaendelea kupatikana kwa majina yake hata pale njia ya kwenda kuuliza ni mbovu.

Hatua ya 8: SERVFAIL baada ya umeme kukatika

Hii nimeitenga kwa sababu inachanganya hata wazoefu. Kama umewasha ukaguzi wa DNSSEC (saini zinazothibitisha kuwa jibu la DNS ni halali) na seva yako ni Raspberry Pi isiyo na betri ya saa, umeme ukirudi inaweza kuamka ikidhani ni juma lililopita. Saini za DNSSEC zina tarehe ya kuanza na ya kuisha, na kwa saa iliyochelewa saini mpya zinaonekana bado hazijaanza. Vikoa vilivyosainiwa vinarudisha SERVFAIL. Mashine ingejirekebisha kwa seva ya saa (NTP), lakini seva hiyo imeandikwa kwa jina, na jina halipatikani.

```
dig @192.168.10.2 example.com
dig @192.168.10.2 example.com +cd
timedatectl
```

`+cd` huomba jibu bila ukaguzi. Ya kwanza ikitoa SERVFAIL na ya pili ikajibu, ni DNSSEC, na `timedatectl` itakuambia kama ni saa. Iweke saa kwa mkono ili watu warudi kazini, kisha andika angalau seva moja ya saa kwa namba ya IP kwenye chrony au timesyncd, programu zinazorekebisha saa. Ruta nyingi zinaweza kufanya kazi hiyo. Moduli ndogo ya saa yenye betri nayo ni nafuu.

Saa ikiwa sahihi na bado `+cd` tu ndiyo inajibu, huenda mwenye kikoa amekosea kusaini, na hilo si lako kurekebisha. Ila ikiwa ni kikoa chako cha ndani kwenye unbound, kitangaze kwa `domain-insecure: "ofisi.internal"`, kwa kuwa mizizi ya DNS inathibitisha kwa saini kwamba `.internal` haipo.

Kontena za Docker zilizo kwenye mtandao uliouunda mwenyewe zina mlango wao wa ziada, 127.0.0.11, kwa hiyo jaribu ukiwa ndani ya kontena na si nje. Na zile zilizojengwa juu ya Alpine hutumia maktaba ya musl, ambayo huziuliza seva zote za kwenye orodha kwa mpigo na kuchukua jibu linalotangulia. Ule mseto wa 192.168.10.2 na 8.8.8.8 hapo huvunjika kwa bahati nasibu, mara jina lipo, mara halipo.

Ukimaliza, ondoa `log-queries` na uwashe upya dnsmasq. Kwenye ofisi yenye pilikapilika logi hiyo hujaza kadi ya SD, na ni orodha kamili ya kila tovuti aliyofungua kila mtu.